SOMO: Mtoto wa Lugha Mbili, Tuhesabu Maneno Yake Yote

Katika maeneo ya Longido na Monduli watoto wengi hukua na lugha mbili. Mama na bibi huwasemesha Kimaasai. Kaka na dada warudipo shuleni huleta Kiswahili, na siku ya mnada Kiswahili husikika kila upande. Tunapotembelea vikundi vya akina mama, swali moja hurudi mara kwa mara: "Mtoto amechelewa kusema. Je, ni kwa sababu ya lugha mbili?"

Jibu ni hapana. Mtoto wa lugha mbili hupita hatua zilezile, katika umri uleule, kama mwenzake wa lugha moja. Somo hili linaeleza tutazame nini, tuhesabu vipi, na lini tusisubiri.

Hatua za mwili

Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vyake mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Watoto wenye afya walikaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9, na kutembea peke yao kati ya miezi 8 na 18 hivi. Basi mama asihofu mtoto wa jirani akifukuza mbuzi katika miezi 11, na wake bado anashika ukuta.

Hatua za lugha

- Kufikia miezi 12: hugeuka akiitwa, hutamka "bababa" au "mamama", na hupunga mkono kuaga.
- Miezi 12 hadi 18: huonyesha kitu kwa kidole, hutii agizo dogo kama "lete kikombe", na huwa na maneno machache yanayoeleweka.
- Kufikia miaka 2: huunganisha maneno mawili, mfano "mama njoo".
- Kufikia miaka 2 na nusu: huwa na maneno kama 50.

Namna ya kuhesabu

Hapa ndipo makosa hutokea. Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi 18 anayesema yeyo (mama), koko (bibi), enkare (maji) na kule (maziwa) kwa Kimaasai, na maji, mbuzi na njoo kwa Kiswahili. Akipimwa kwa Kiswahili peke yake, ana maneno matatu. Ukweli ni kwamba anayo saba. Enkare na maji ni kitu kimoja, lakini ni maneno mawili aliyojifunza.

Mtoto huyo akikua kidogo na kumwambia mlezi wa kituo "nataka kule", asiyejua Kimaasai atatazama nje ya dirisha. Mtoto anaomba maziwa. Kuchanganya lugha namna hii si dalili ya ugonjwa; anatumia neno alilo nalo. Polepole hujua nani asemeshwe nini: humwinamishia koko kichwa aguswe, na kumwamkia mwalimu "shikamoo".

Kwa hiyo tusimshauri mama aache Kimaasai. Mtoto hujifunza kwa kusemeshwa sana, na mama husema kwa utajiri zaidi katika lugha yake mwenyewe.

Lini tusisubiri

Hatari kubwa ni kusema "ni lugha mbili tu, atasema", kumbe mtoto hasikii. Usaha wa masikio usiotibiwa na homa ya uti wa mgongo vinaweza kuharibu usikivu, na wengine huzaliwa viziwi. Apelekwe kituo cha afya mapema ikiwa:

- hageuki akiitwa kutoka nyuma;
- hana neno hata moja, katika lugha yoyote, kufikia miezi 18;
- haunganishi maneno mawili kufikia miaka 2;
- amepoteza maneno aliyokuwa nayo, kwa umri wowote.

Kutoka hapo anaweza kupewa rufaa kwenye idara ya masikio, pua na koo, kama ile ya KCMC, Moshi. Akigundulika ni kiziwi, naye anahitaji lugha mapema, yaani lugha ya alama. KKKT ina shule za viziwi Mwanga na Njombe, lakini miaka ya kwanza ya mtoto ni ya nyumbani. Kila mwaka wa kungoja ni mwaka asio na lugha yoyote.

Kwa kamati na wafadhili

Kituo cha kulelea watoto kinahitaji angalau mlezi mmoja anayejua lugha ya nyumbani. Taarifa za maendeleo ya mtoto zitaje maneno ya lugha zote mbili. Na katika bajeti, nauli ya mama na mtoto kwenda kupimwa isisahauliwe. Mara nyingi rufaa huishia hapo.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wenu, watoto husemeshwa lugha zipi, na nani?
2. Je, yupo mtoto ambaye ukimya wake tumeusingizia lugha mbili?
3. Nani atamtembelea mama yake, na lini?