Kutuliza Wasiwasi wa Vijana: Miwani ya Uhalisia Pepe na Zoezi la Pumzi

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Wasiwasi ni mojawapo ya matatizo hayo. Kwa mtahiniwa wa KCSE, dalili zake ni kama moyo kwenda mbio, tumbo kuuma asubuhi ya shule au kukosa usingizi. Huo si uvivu wala utundu.

Miwani hufanya nini?

Kijana huvaa miwani inayofunika macho, akajiona yuko ufuoni au msituni. Sauti humwongoza kupumua polepole na kuirejesha akili kila inapotangatanga. Kwa kuwa haoni kitu kingine, anayeanza huona wepesi kutulia.

Hata hivyo, tafiti nyingi kuhusu mbinu hii zimehusisha watu wachache, na miwani haichukui nafasi ya matibabu. Huweza kuleta kizunguzungu na kichefuchefu. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza.

Zoezi lisilohitaji miwani

Pumzi na umakini havinunuliwi:

1. Keti wima, nyayo zikigusa sakafu.
2. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4.
3. Itoe polepole ukihesabu hadi 6. Kutoa pumzi taratibu hupunguza kasi ya moyo.
4. Akili ikihama, irudishe kwenye pumzi bila kujilaumu. Endelea kwa dakika tano.

Zoezi lifanywe kila siku, hata kijana akiwa mtulivu, ili siku ya mtihani mwili uwe umelizoea.

Kuzungumza pia husaidia

Utafiti wa mpango wa Shamiri, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusisha wanafunzi 413 wa sekondari nchini Kenya. Walikutana kwa vikundi mara nne, wakiongozwa na vijana waliopewa mafunzo, wakajadili shukrani, maadili yao na uwezo wa mtu kubadilika. Dalili za wasiwasi na sonona zilipungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Wakati wa kutafuta msaada

Wasiwasi ukimzuia mtoto kula, kulala au kwenda shule, mzazi asimkaripie. Amsikilize, kisha ampeleke kwa mwalimu mshauri au kituo cha afya kilicho karibu. Akitaja kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini mara moja. Simu ya Childline Kenya, 116, hupigwa bila malipo saa 24.