Huyu Nani? Mafunzo Manane ya Kusafisha Picha Moja

Bibi aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda. Kisha akaniuliza, "Huyu nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi? Mbona nimepakwa majivu?"

Ilikuwa Idi pili, Pangani. Nilikuwa nimetoka na picha ile Dar es Salaam, nimeiviringisha ndani ya bomba la plastiki na kuipakata njia nzima kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Mdogo wangu ndiye aliyempiga Bibi picha, asubuhi, barazani, kanga ya kisutu begani na mlango wa mbao nyuma yake. Kwenye simu, kila aliyeiona alisema mashallah. Kwenye karatasi akatoka mtu mwingine.

Ile ilikuwa mara yangu ya tatu kuisafisha. Zote tatu nililaumu studio. Ya nne ilipotoka sawasawa ndipo nikaona kosa lilipokuwa: kila jambo nililolinyamazia, kuna mashine iliyoniamulia. Haya ndiyo mambo niliyokuwa nimeyanyamazia.

1. Picha iliyopita WhatsApp imeshabanwa

Mdogo wangu alinitumia picha kwa WhatsApp, nami nikaipeleka studio ilivyo. Kamera yake ni ya megapikseli 24, yaani faili lake lina pikseli 6000 kwa 4000. Lililonifikia mimi lilikuwa na pikseli 1600 upande mrefu. Kazi ya WhatsApp ni kufikisha picha upesi bila kummaliza mtu bando, kwa hiyo huibana. Kwenye kioo cha simu jicho haligundui. Mimi nilitaka picha ya inchi 20 kwa 30, na pikseli 1600 zikitandazwa kwenye inchi 30, kila inchi inapata 53 tu. Kope za Bibi zikawa vijingazi. Hiyo ndiyo picha ya kwanza, na sikutoka nayo hata mlangoni.

Siku hizi naomba faili lenyewe. Litumwe kama dokumenti, au lije kwa flashi. Lile chaguo la HD lililoongezwa mwaka 2023 ni afadhali, ila nalo hubana. Ama skrinishoti, hiyo ni picha ya kioo cha simu yako, wala si picha ya Bibi.

2. Gawanya kwanza, lipa baadaye

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Chukua pikseli za upande mmoja, gawanya kwa 300. Jibu ni inchi unazoweza kusafisha na mtu akaishika mkononi asione kasoro. Picha ya albamu, 4 kwa 6, inataka pikseli 1200 kwa 1800. Ya 8 kwa 10 inataka 2400 kwa 3000. Faili la mdogo wangu, 6000 kugawanya kwa 300, linafika inchi 20.

Basi ya inchi 30 haiwezekani? Inawezekana. Hapo kila inchi inapata pikseli 200, na picha ya ukutani hakuna anayeitazama kwa kuigusa na pua. Ukisimama hatua mbili, 200 zinatosha. Kadiri picha inavyotazamwa kwa mbali ndivyo inavyosamehe.

Jihadhari tu na fundi atakayekuambia, kama alivyoniambia mmoja, "Usijali bosi, nitaiweka 300." Alifungua programu, akafuta namba moja akaandika nyingine, akatabasamu. Mchuzi ukiongezwa maji sufuria hujaa, lakini nyama ni zile zile.

3. Karatasi ina umbo lake, picha ina lake

Pamoja na picha ya Bibi, nilisafisha nakala kumi za picha ya ukoo mzima, saizi ya 8 kwa 10, nimpe kila mtu yake. Shangazi yangu alikuwa amesimama mwisho kabisa kulia. Kwenye nakala zote kumi amebaki nusu: sikio moja, bega moja, na mkono uliomshika mtoto asiyeonekana. Mpaka leo huniuliza nilikuwa na ugomvi gani naye.

Sikuwa na ugomvi. Kamera nyingi kubwa hupiga picha ya umbo la 3 kwa 2, simu nyingi 4 kwa 3, na karatasi ya 8 kwa 10 ni umbo la 5 kwa 4. Picha ya kamera ile ikikaa kwenye upana wa inchi 8, urefu wake unataka kuwa 12. Karatasi ina 10. Inchi mbili lazima ziende, na mashine haijui kwamba ndani ya inchi mbili zile mna shangazi wa mtu.

Una njia tatu: uchague saizi inayolingana na picha, kama 8 kwa 12, ukubali mistari myeupe pembeni, au ukate mwenyewe ukijua unamkata nani. Hata umbo likilingana, usiweke kichwa cha mtu ukingoni. Mashine inayosafisha bila mpaka mweupe huikuza picha kidogo ili ijaze karatasi, na milimita chache hupotea kila upande.

4. Kioo kinawaka, karatasi haiwaki

Mara ya pili nilikuwa na faili kamili. Nikakaa nalo usiku, taa imezimwa, kompyuta imewashwa mwanga wa mwisho, nikarekebisha hapa na pale hadi roho ikatulia. Picha ikatoka giza, kana kwamba Bibi alipigwa saa ya magharibi.

Kioo cha kompyuta kina taa nyuma yake. Karatasi haina taa, inaazima mwanga wa chumba ilimotundikwa. Nilikuwa nimeipima picha kwa taa ambayo nisingeweza kuifungasha na kuipeleka Pangani. Sasa narekebisha picha mchana, nimepunguza mwanga wa kioo hadi kifanane na karatasi nyeupe niliyoiweka pembeni yake. Halafu najiuliza itatundikwa wapi. Sebule ya Bibi ina dirisha moja, nalo lina pazia zito. Picha ya ukuta ule nilipaswa kuitoa yenye nuru kidogo zaidi ya ile ambayo ningeitundika kwangu.

5. Mwambie fundi asiguse ngozi

Nilirudi studio na picha ya giza, nikamwambia fundi neno moja tu: "Iongeze mwanga." Akabonyeza kitufe mashine ijirekebishie yenyewe. Hapo ndipo yalipotoka majivu.

Mashine nyingi za kusafishia picha, zikiachiwa, hutafuta wastani. Hutazama picha nzima, na ikiwa sehemu kubwa ni nyeusi huiinua, ikiwa sehemu kubwa ni nyeupe huishusha. Bibi ana ngozi nyeusi na nyuma yake kuna mlango mweusi wa mbao. Mashine ikadhani giza limezidi, ikainua vyote, mlango na uso. Weusi wake uliokolea, wenye wekundu kwa ndani, ukageuka kijivu. Kwenye picha ya ukoo ikawa kinyume: wanaume wamevaa kanzu nyeupe, ukuta una chokaa, mashine ikashusha kila kitu na nyuso zikawa makaa.

Jambo hili lina historia. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi za kulinganishia rangi, zenye picha ya mwanamke mzungu. Zilijulikana kama kadi za Shirley, kwa jina la mwanamitindo wa mwanzo. Fundi alikuwa akirekebisha mashine hadi ngozi ya Shirley ionekane sawa, basi kazi imekwisha. Ngozi ya Bibi haikuwamo kwenye kipimo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana.

Siku hizi kadi zile hazipo mezani, ila tabia imebaki, na wakati mwingine iko kwetu wenyewe. Ziko studio ambamo kumng'arisha mtu ni sehemu ya huduma. Hawakuulizi, wanadhani wanakupendelea. Kwa hiyo mimi husema mapema, na kwa heshima: "Fundi, usirekebishe chochote, isafishe kama ilivyo." Wengi hukubali. Asiyekubali nachukua flashi yangu.

6. Chagua karatasi kwa kufikiria ukuta

Karatasi ya kung'aa huvutia kwenye kaunta: rangi zinaruka, weusi umekolea. Ukiitundika mkabala na dirisha, unaliona dirisha badala ya picha. Karatasi isiyong'aa haipigi mwako, lakini weusi wake hupoa kidogo. Kati ya hizo mbili iko yenye vipele vidogo, ambayo inang'aa kwa kiasi na haishiki alama za vidole kirahisi. Hiyo ndiyo niliyochagua.

Kisha uliza picha itatoka kwenye mashine ya namna gani. Iko inayochora kwa mwanga juu ya karatasi ya picha na kuiosha kwa dawa, na iko ya wino. Zote zinaweza kutoa kazi nzuri. Kwenye wino uliza swali la pili: ni wa rangi iliyoyeyushwa, au ni wa chembe za rangi? Wa chembe kwa kawaida huvumilia zaidi miaka na mwanga. Wala usikubali kupewa karatasi ya mabango eti kwa sababu ni kubwa na bei yake chini.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, unyevu. Picha iliyogusana na kioo cha fremu, hasa ya kung'aa, hunata, na siku ukiibandua inabaki na kioo. Mwambie fundi wa fremu aweke ukingo wa kadibodi kati ya kioo na picha ili hewa ipite, na uitundike pasipopigwa na jua.

Bibi anayo picha yake ya usichana, nyeusi na nyeupe, aliyopigwa Unguja kwenye studio ya Mji Mkongwe, mji ambamo mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Imehama nyumba tatu na bado macho yake yanaonekana. Yule aliyeisafisha alijua anakabidhi kitu cha maisha.

7. Anza na ndogo

Kabla ya picha ya nne nilifanya nililopaswa kulifanya mwanzo. Nilimwomba fundi anisafishie kipande kidogo cha picha ile ile, uso na bega tu, kwa karatasi ile ile na mashine ile ile. Gharama yake haikufika hata nauli ya kurudi Pangani.

Nikatoka nacho nje, kivulini. Uso ulikuwa sawa. Kisutu kilikuwa kimechujuka: ule wekundu unaojulikana pwani nzima ulikuwa kama kanga iliyoanikwa mwezi mzima. Kumbe faili la mdogo wangu lilihifadhiwa kwa mpangilio wa rangi uitwao Adobe RGB, na mashine ile ilisoma kila faili kana kwamba ni la mpangilio mwingine, sRGB. Ni sawa na barua iliyoandikwa kwa lugha moja ikasomwa kwa matamshi ya nyingine. Nikaligeuza faili liwe sRGB, nikaomba kipande kingine, wekundu ukarudi.

Kwa hiyo, isipokuwa studio yenyewe ikikuambia vingine, peleka sRGB. Na picha kubwa isiyotanguliwa na ndogo ni kamari.

8. Geuza nyuma

Nilirudi Pangani na picha ya nne. Safari hii sikusema kitu, nikamwamkia, nikamkabidhi, nikakaa. Bibi akaisogeza dirishani vilevile. Akakitazama kisutu, akautazama mlango, akapitisha kidole shavuni mwake juu ya kioo.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nikashusha pumzi. Ndipo akaigeuza nyuma, akapapasa kadibodi tupu.

"Na nyuma mbona hukuandika?"

Akanituma nikamletee ile ya zamani, ya Unguja. Nyuma yake, kwa mwandiko wa baba yake, kulikuwa na jina lake, jina la mama yake, na mwaka. Wino ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai, lakini unasomeka. "Watakaoikuta watajua ni nani," akasema. "Hiyo yako mtoto wa mjukuu wako ataiokota atasema, huyu nani?"

Niliomba kalamu. Tangu pikseli ya kwanza mpaka karatasi, kila nilipojisahau kulikuwa na mashine ya kuniamulia, vizuri au vibaya. Hapa palikuwa patupu, na pangebaki patupu. Bibi akanitajia herufi moja moja, jina lake, la mama yake, la kijiji. Mwaka nikaandika mwenyewe.