Mali, Elimu na Uhai wa Mtoto Mchanga

Watu husema kwamba mtoto wa tajiri huishi na mtoto wa maskini hufa. Nataka kulipima neno hilo kwa mambo ya Burundi na ya nchi nyingine.

Ni kweli, umaskini hudhuru. Mama asiyekula vizuri, anayelima mpaka siku za mwisho huku ana malaria na upungufu wa damu, mara nyingi huzaa mtoto asiyefika kilo 2.5. Mtoto huyo hushindwa upesi na baridi na magonjwa. Tena zamani, hapa Bujumbura, mama asiyeweza kulipa aliweza kuzuiliwa hospitalini pamoja na mtoto wake. Mwezi wa Mei 2006 Serikali ilifuta malipo ya kuzaa, na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5. Mwaka 2010 watoto 60 hivi katika kila 100 walizaliwa hospitalini au katika vituo vya afya; kufikia 2017 walipita 80.

Lakini fedha peke yake haitoshi. Nigeria ina kipato kikubwa kuliko Burundi mara kadhaa, ila watoto wanaofariki kabla ya siku 28 ni wengi zaidi huko: katika kila 1,000, Burundi hupoteza 20 na kitu, Nigeria zaidi ya 30. Sri Lanka, ambayo si tajiri, hupoteza 4 hivi, karibu sawa na Marekani. Huko elimu ni bure tangu 1945, wasichana husoma, na wakunga hufika vijijini.

Mwaka 1979 mtaalamu J. C. Caldwell, alipochunguza habari za Nigeria, alionyesha kuwa elimu ya mama ilimkinga mtoto kuliko hata kazi ya baba. Sababu si ngumu. Mama aliyesoma huhudhuria kliniki mapema, huzijua dalili za hatari, humnyonyesha mtoto saa ile ile ya kwanza, wala hapaki dawa za kienyeji kitovuni. Tena husikilizwa nyumbani asemapo, “Twendeni hospitali.”

Hapa kwetu ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2005. Wasichana walioingia darasa la kwanza mwaka ule sasa ni akina mama. Basi, wenzangu, na ninyi mliokwisha kuhitimu, dada yako akitaka kuachishwa shule, mtetee. Unamtetea na mtoto ambaye bado hajazaliwa.