Maji ya Mwilini mwa Ng'ombe Hupimwaje?

Mfugaji wa Shinyanga anajua kiangazi kinavyomdhoofisha ng'ombe. Lambo linakauka, mifugo inaswagwa mbali kutafuta maji, na wengine hunyweshwa leo, kesho wakaruka. Macho yanadidimia. Ukifinya ngozi ya shingo na kuiachia, hairudi upesi. Hapo maji yamepungua mwilini. Lakini ng'ombe aliye hai ana lita ngapi? Hatuwezi kumchinja ili tujue!

Tuanze na pipa. Una pipa la maji ya mvua, hujui lina lita ngapi. Tia gramu 600 za chumvi, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Teka lita moja tu, uichemshe mpaka ikauke, upime chumvi iliyobaki. Ukipata gramu 3, basi 600 gawanya kwa 3 ni 200. Pipa lina lita 200, na wala hukulimwaga.

Ng'ombe naye hupimwa hivyo hivyo, ila siyo kwa chumvi. Hutumiwa kitu kinachoenea katika maji yote ya mwili bila kumdhuru. Kimoja ni dawa iitwayo antipirini. Kingine ni maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ina uzito kuliko ya kawaida. Mtaalamu humpima ng'ombe kwenye mizani na kumtoa damu kidogo. Kisha humchoma maji mazito katika mshipa wa shingo. Ng'ombe huachwa saa kadhaa bila kunywa, maana tumbo lake kubwa lina maji mengi na kuchanganyika kunataka muda. Halafu hutolewa damu tena, ikapimwe maabara. Bwana mifugo wa kijijini hana vifaa hivyo. Ni kazi ya vituo vya utafiti.

Tuseme ng'ombe wa kilo 300 amechomwa gramu 100. Maabara inaona nyongeza ya nusu gramu katika kila lita ya maji ya mwilini. Basi ana lita 200. Theluthi mbili ya ng'ombe huyo ni maji! Aliyenona huwa na sehemu ndogo zaidi, kwa sababu mafuta hayashiki maji mengi. Kwa hiyo kipimo hiki huonyesha hata unono, bila kubishana kama mnadani.

Damu ikipimwa tena siku za baadaye, kile kitu kimepungua. Kimetoka kwa mkojo, kinyesi, jasho na pumzi, na maji mapya yameingia. Hapo hujulikana ng'ombe anatumia lita ngapi kwa siku. Miaka ya 1970 mtafiti J. M. King alipima hivyo huko Galana, Kenya, kwa maji yenye tritiamu. Kwa kila kilo ya mwili, ng'ombe alitumia maji mengi kuliko choroa, mnyama wa nyika kavu. Kivuli cha ngitili mchana humpunguzia ng'ombe jasho.

Wafugaji wa Geita, angalieni jambo moja. Sumu iliyo katika maji nayo huenea mwilini kwa njia ya damu. Msinyweshe mifugo kwenye madimbwi ya mialo ya dhahabu, wala karibu na mahali panapotumika zebaki au sianidi.

Maswali
1. Fahali wa kilo 400 amechomwa gramu 120. Kila lita imeongezeka nusu gramu. Ana lita ngapi za maji?
2. Nani amenona zaidi, fahali huyu au ng'ombe wetu wa kilo 300?