Nishati na Mashauri ya Watu

Wengi hudhani kwamba nishati ni kazi ya mafundi peke yao. Sivyo. Nguvu tuitumiayo huyapanga maisha yetu, nasi kwa mashauri yetu huipanga nguvu hiyo.

Tazameni Lamu. Zamani pepo za kaskazi na kusi ndizo zilizosukuma majahazi yake, zikaleta biashara na kuwajengea watu ada zao. Kisha ikakusudiwa kujengwa Kwasasi mtambo wa umeme wa megawati 1,050 utumiao makaa ya mawe, nao ukapewa idhini ya mazingira mwaka 2016. Makaa yangeleta umeme na kazi. Walakini yangechafua hewa na bahari ya wavuvi, na moshi wake ungezidi kuipasha dunia joto.

Watu wa Lamu wakashtaki. Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikaibatilisha idhini ile, kwa kuwa wananchi hawakushauriwa ipasavyo, wala sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Msidhani kwamba kosa ni la makaa tu. Upepo ni nishati safi. Hata hivyo Oktoba 2021 mahakama ya Meru ilihukumu kwamba hati za ardhi ya mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana hazikutolewa kwa njia ya sheria.

Basi yatupasa mambo mawili: tuchague nishati isiyoiharibu dunia, na wenye ardhi na bahari waulizwe kwanza, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.