SHAURI LA SAFARI FUPI YA KUTAZAMA VYUO

Wenzangu wa kidato cha nne, na wazazi mnaosoma gazeti letu hili, nataka kueleza jinsi baba yangu na mimi tulivyofanya shauri la safari ya siku nne kwenda Mbeya kutazama vyuo. Naandika kwa sababu wengi wetu huchagua vyuo kwa kusikia jina tu. Mwaka huu tutafanya mtihani mwezi wa Novemba, na baada ya hapo kila mmoja atatakiwa kujua anataka kwenda wapi, kidato cha tano au chuo.

Nyumbani kwetu jambo hili lina historia yake. Kaka yangu alipomaliza kidato cha nne mwaka 2019 aliletewa karatasi yenye picha nzuri ya chuo kimoja katika mji wa mbali. Baba aliuza kahawa, akalipa ada. Baada ya miezi minane ikajulikana kwamba kozi aliyokuwa akisoma haikusajiliwa. Fedha haikurudi. Sasa kaka anaendesha pikipiki kati ya Ukata na Mbinga. Hivyo nilipotaja habari ya chuo, baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Safari hii, mama, tutakwenda kuona kwa macho.” (Ananiita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.)

Shida ya kwanza ilikuwa wakati. Likizo ya Juni ndiyo wakati kahawa inapoiva huku Umatengoni, na mtu akiondoka shambani siku nne, kahawa haimngoji. Tena siyo kila siku inafaa. Jumamosi na Jumapili ofisi za vyuo hufungwa, na utaona majengo na mlinzi wa lango tu. Sabasaba ni vivyo hivyo. Mkingoja mpaka Agosti au Septemba, vyuo vingi vina likizo, na hapo hamtamkuta mwanafunzi wa kumwuliza neno. Tulikata shauri kusafiri Jumatano, kutazama vyuo Alhamisi na Ijumaa asubuhi, na kurudi Jumamosi. Shangazi alikubali kuja kusaidia kuchuma.

Shida ya pili ilikuwa kuchagua pa kwenda, na hapa ndipo tulipobishana sana. Baba alitaka tuone Uyole, kwenye chuo cha kilimo, kwa kuwa sisi ni watu wa kahawa na ngoro. Alikumbuka watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, pamoja na Wajapani wa Kyoto, waliokuja katika milima yetu kujifunza jinsi babu zetu walivyochimba ngoro ili mvua isiuchukue udongo. Alisema, kama Wajapani walitoka kwao kuja kujifunza kilimo chetu, kwa nini mwanangu asikisome? Mimi nilitaka umeme. Mama alitaka nisiende mbali.

Kila mtu akaongeza chuo chake, hata orodha ikafika vyuo sita: Songea, Peramiho kwenye uuguzi, Iringa viwili, Mbeya viwili. Nikachukua karatasi, nikafanya hesabu kama alivyotufundisha mwalimu wetu wa jiografia. Kutoka Mbinga hadi Songea ni karibu kilometa 100, na kutoka Songea hadi Makambako kama 300. Makambako ndiyo njia panda: mkono wa kushoto ni Mbeya, kama kilometa 170, na mkono wa kulia ni Iringa, kama 150. Katika viwango vilivyotangazwa na LATRA mwishoni mwa mwaka 2023, nauli ya basi la kawaida ilikuwa shilingi 48.47 kwa kila kilometa. Basi kwenda Mbeya na kurudi ni kilometa 1,140, yaani kama shilingi 55,250 kwa mtu mmoja, na 110,500 kwa sisi wawili. Tukipitia Iringa zinaongezeka kilometa 300, yaani shilingi 29,000 hivi kwa wawili, na usiku mmoja wa nyumba ya wageni, na siku nyingine ya kahawa.

Hapo nilifungua kurasa za mwongozo wa udahili ambazo mwalimu wa taaluma alituchapia. Baraza linalosimamia vyuo vya kati liliitwa NACTE lilipoundwa mwaka 1997, na tangu 2021 linaitwa NACTVET. Ukikitafuta chuo katika mwongozo wake, usitosheke na jina la chuo. Tafuta jina la kozi yenyewe, kwa kuwa chuo chaweza kusajiliwa na kozi yake moja isiwemo. Hilo ndilo lililomwangusha kaka. Kisha soma sifa zinazotakiwa. Mkwawa, Iringa, ni chuo kikuu kishiriki cha ualimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2005, nami nakisifu, lakini shahada yake yahitaji kidato cha sita. Kukitazama sasa ingekuwa kama kwenda sokoni kutazama kitu ambacho hujapata fedha yake. Uuguzi unataka kemia, baiolojia na fizikia, na kemia yangu naijua mwenyewe. Iringa na Peramiho tukavifuta. Songea tutapita tu, na ni karibu, tunaweza kwenda siku nyingine.

Zikabaki safari za Mbeya. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilianza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, kikawa taasisi mwaka 2005 na chuo kikuu mwaka 2012, lakini bado hupokea watu wa kidato cha nne kwa stashahada za ufundi. Hicho kiko upande wa Iyunga, magharibi ya mji, na Uyole iko mashariki, wote kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Mtu akilala mjini katikati, siku moja na nusu inatosha.

Mama, ambaye kwao ni Mbamba Bay, alisema twende kwa maji: tupande MV Mbeya II hadi Kyela, halafu gari hadi Mbeya. Nilipenda sana shauri hilo, maana sijapata kusafiri ziwani usiku. Lakini safari fupi haiwezi kungoja meli na mawimbi ya ziwa Nyasa mwezi wa Juni. Baba alicheka akasema wao Wanyasa hawana haraka. Mama hakucheka.

Baba alitoa shilingi 250,000 za maharage, maana fedha ya kahawa huja baadaye. Kaka alishika shilingi 20,000 katika hizo akazifunga mbali, akasema zisiguswe mpaka turudi Mbinga. Yeye ndiye pia aliyetoa shauri ambalo sikulikuta katika kitabu chochote. Alisema, “Msimwulize karani tu. Karani ataeleza chuo kilivyoandikwa. Mwulizeni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na mwulizeni akiwa peke yake.” Akaniandikia maswali yake: mwalimu akikosa, nani anafundisha? Mnashika vifaa kwa mikono yenu au mnaangalia mwalimu akishika? Ni fedha gani nyingine mlitozwa baada ya ada? Waliomaliza mwaka jana wako wapi? Nami niliongeza moja la wasichana: bweni liko ndani ya uzio au nje?

Ya safari yenyewe nitasema machache. Njombe ilikuwa na baridi kali, na aliye na sweta moja achukue mbili. Baba alivaa koti lake la kanisani siku zote nne. Katika karakana moja nilimkuta msichana wa mwaka wa pili akifunga nyaya kwenye ubao, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi. Alinijibu maswali yote ya kaka bila kuficha, mazuri na mabaya, hata lile la fedha. Baba alisimama mbali kidogo ili tuzungumze, lakini alikuwa akisikiliza. Uyole alimwuliza mwalimu mmoja juu ya ugonjwa wa chulebuni kwa muda mrefu kuliko alivyouliza juu yangu.

Ndani ya basi, tulipopita Makambako, aliniambia, “Umeme si mbaya. Hata mashine ya kumenya kahawa ina mota.” Sikujibu, nikiogopa asije akabadili.

Tulifika nyumbani tukiwa na zile 20,000 na nyingine 6,500. Kaka alisikiliza habari zote, kisha akaomba zile kurasa za mwongozo. Alikaa nazo jikoni hadi usiku. Asubuhi, kabla hajawasha pikipiki, aliniuliza kama matokeo ya mwaka 2019 bado yanapokelewa. Nilimwambia tutauliza, na namba ya simu ya ofisi ile ninayo katika daftari.