Kabla Hujaishtaki Shule, Jiulize Uliandika Nini

Wadogo zangu, leo nazungumza na nyie mlioko Marekani. Nyie wa Houston, wa Columbus, wa Minneapolis, mnaopeleka watoto shule asubuhi roho mkononi. Swali lenu nalijua: akiingia mtu na bunduki shuleni na mwanangu akadhurika, naweza kuishtaki shule? Wengine mnauliza kwa kunong'ona, kana kwamba kuuliza tu ni uchuro. Si uchuro, mzazi lazima alijue jambo hili mapema.

Kushtaki unaweza. Kushinda ni habari nyingine, na ushindi haupimwi kwa uchungu wako wala kwa ubaya wa tukio. Mahakama inaangalia shule ilijua nini kabla ya siku hiyo, na sheria ya jimbo unaloishi inaikinga kiasi gani.

Chukueni kisa cha shule ya msingi Richneck, mjini Newport News, Virginia. Tarehe 6 Januari 2023 mtoto wa darasa la kwanza, mwenye miaka 6, alikuja shuleni na bastola ya mama yake. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi baada ya kusimamishwa, maana siku chache nyuma aliivunja simu ya mwalimu wake. Walimu siku hiyo hawakunyamaza. Walikwenda mmoja baada ya mwingine kumwonya makamu wa mwalimu mkuu kwamba huenda mtoto huyu ana silaha. Begi likapekuliwa, kisionekane kitu. Mfanyakazi mmoja akaomba ruhusa ampekue mifukoni, akaambiwa asubiri, mama yake yuko njiani kuja kumchukua. Hati ya madai yaliyofunguliwa baadaye inasema ilitolewa hata hoja kwamba mifuko ya mtoto ni midogo mno kuingia bastola. Kama saa nane mchana, mwalimu Abigail Zwerner akiwa ameketi kwenye meza ya kusomea, mtoto akamlenga. Risasi ilipita mkononi ikaingia kifuani. Mwalimu aliwatoa wanafunzi wake darasani kwanza, ndipo akajikokota hadi ofisini na kuanguka.

Zwerner alidai dola milioni 40. Upande wa shule ukasema huyu ni mfanyakazi aliyeumia kazini, achukue fidia ya wafanyakazi yaishe. Jaji akaikataa hoja hiyo, kwa kuwa kupigwa risasi na mtoto wa miaka 6 si hatari inayotokana na kazi ya kufundisha darasa la kwanza. Novemba 2025 jopo la raia waliosikiliza kesi likaamua kwamba makamu yule alifanya uzembe uliokithiri, likampa mwalimu dola milioni 10. Kwenye kesi alikuwa amebaki makamu peke yake. Mwalimu mkuu na msimamizi wa elimu wa mji walikuwa wameshaondolewa. Uzito wa kesi ile ulikuwa kwa watu walioweza kusimama kizimbani na kusema: nilimwambia.

Sasa twende Michigan, sekondari ya Oxford, tarehe 30 Novemba 2021. Asubuhi mwalimu wa hesabu aliona karatasi ya mwanafunzi wa miaka 15 ina mchoro wa bastola na maneno ya mtu anayelilia msaada. Kijana akapelekwa kwa mshauri wa wanafunzi, wazazi wakaitwa. Wazazi hawakumchukua kwenda nyumbani. Begi lake lililetwa ofisini, akakabidhiwa bila mtu kulifungua, akarudi darasani nalo. Bastola ilikuwa ndani. Muda si mrefu baadaye aliua wanafunzi 4 na kujeruhi watu 7.

Ukiniuliza mimi, kisa hiki ni kizito kama cha Richneck, pengine kukizidi. Lakini mwaka 2023 jaji wa jimbo aliiondoa shule na wafanyakazi wake kwenye madai, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Kwa sheria ya Michigan, mfanyakazi wa umma hawajibiki hata kwa uzembe uliokithiri mpaka uzembe wake uwe ndio sababu ya moja kwa moja ya madhara. Na sababu ya moja kwa moja, wakasema majaji, ni kijana aliyefyatua risasi. Nuna utakavyo, ndivyo ilivyoandikwa. Kwa hiyo begi halikufunguliwa, watoto wakafa, na familia zikatoka mahakama ya jimbo mikono mitupu.

Ukimtoa kijana mwenyewe, walioangukiwa na mkono wa sheria ni wazazi wake, baba na mama, kila mmoja kifungo cha miaka 10 hadi 15 kwa kuua bila kukusudia. Nyie mliojinunulia bastola tangu mfike huko mkaiweka chini ya godoro, natumaini mmesikia. Hata mama wa yule mtoto wa Virginia alifungwa.

Wa Texas nanyi msijidanganye. Sheria ya jimbo lenu inayoruhusu kuidai serikali fidia inazigusa shule za umma kwenye jambo moja tu: magari. Basi la shule likimgonga mtoto, mlango upo. Akipigwa risasi darasani kwa sababu onyo lilipuuzwa, sheria hiyo haina mlango kwa ajili yako, na wakili itabidi atafute njia nyingine, mara nyingi mahakama za shirikisho. Huko nako mlima ni mrefu, maana tangu mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua, katika kesi ya DeShaney, kwamba kwa kawaida Katiba haiilazimishi serikali kukulinda dhidi ya madhara ya mtu binafsi.

Colorado ndiko walikofanya jambo la maana. Desemba 2013 msichana wa miaka 17, Claire Davis, alipigwa risasi katika sekondari ya Arapahoe na kufariki. Wazazi wake hawakukimbilia fidia. Walitaka majibu, wakakubaliana na wilaya ya elimu kwamba hawataishtaki, ila iwape nyaraka na watu wake wahojiwe kwa kiapo. Mwaka 2015 jimbo likapitisha sheria yenye jina la binti huyo, inayoruhusu shule kushtakiwa pale isipochukua tahadhari inayostahili. Fidia ina kikomo, haimtajirishi mtu. Lakini mzazi anapata haki ya kuuliza, na shule inalazimika kujibu. Mimi nawaheshimu sana wazazi wale.

Na kiasi kinachotangazwa kwenye habari msikipigie hesabu. Baada ya mauaji ya Virginia Tech ya mwaka 2007, familia mbili zilipewa na jopo dola milioni 4 kila moja mwaka 2012. Sheria ya jimbo ikazishusha hadi dola 100,000, na mwaka uliofuata mahakama ya juu ya Virginia ikafuta uamuzi wote. Dola milioni 25 zilizokubaliwa na bodi ya shule za Broward, Florida, mwaka 2021 baada ya mauaji ya shuleni Parkland, ziligawanywa kwa wadai 51.

Sasa tuzungumze yaliyo mikononi mwenu, maana sheria ya jimbo huwezi kuibadilisha leo jioni.

Sisi tumelelewa kwamba mwalimu hakosolewi. Mtoto akirudi na habari kwamba fulani ametishia kuleta bunduki, tunamwambia "achana naye", au tunamdokeza mwalimu pale mlangoni huku tunacheka kidogo ili tusionekane wakorofi. Yale maneno ya mlangoni yanakufa palepale. Miezi sita baadaye mwalimu atasema hakumbuki, na kweli pengine hakumbuki.

Andika. Barua pepe inatosha, wala haihitaji Kiingereza cha chuo kikuu: "Leo tarehe fulani mwanangu ameniambia mwanafunzi wa darasa fulani alisema ataleta bunduki. Naomba mnijibu kwa maandishi mmechukua hatua gani." Itume kwa mwalimu mkuu na ofisi ya wilaya ya elimu kwa pamoja, na nakala ubaki nayo. Kiingereza kikikushinda kabisa, andika kwa Kiswahili na udai mkalimani. Shule za umma zinatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na usikubali mwanao wa miaka 10 afanywe mkalimani wa jambo kama hili. Kama unaogopa kujulikana, yapo majimbo yenye namba ya kutoa taarifa bila kutaja jina: Colorado wana Safe2Tell, Michigan wana OK2SAY. Tishio likiwa la leo leo, usiandike kitu, piga 911.

Barua hiyo kazi yake ya kwanza ni kumfanya mtu afungue begi. Ya mahakamani ni ya pili, na naomba isifike huko.

Ikifika, usitie saini karatasi yoyote ya bima wala ya shule kabla wakili hajaisoma. Msiogope gharama za mwanzo, kwani mawakili wengi wa madai ya kuumia hulipwa wakishinda tu, mara nyingi theluthi ya fedha au zaidi. Muulize asilimia yake kabla hujakubali, na aiandike.

Cha kuogopa zaidi ni kalenda. Ukiidai taasisi ya umma, majimbo mengi yanataka kwanza upeleke notisi, tena kwa muda mfupi kuliko kesi za kawaida. California ni miezi 6. New York kwa kawaida ni siku 90 tu. Kama uko New York na tukio lina miezi miwili sasa, gazeti liweke pembeni, mpigie wakili leo.